Chumba cha 36: Filamu Yetu Teule ya Kung Fu na Somo Lake kwa Mwalimu wa Lugha

Kila mwisho wa muhula, chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika idara yetu huandaa jioni moja ya burudani. Kwa kawaida huwa ni mashairi, ngonjera na igizo fupi. Muhula uliopita wanafunzi walituomba kitu kingine. Walitaka filamu moja ya kung fu ya zamani, itazamwe na wote, kisha ihakikiwe kwa Kiswahili kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya darasani. Tulikubali haraka tukidhani ni jambo jepesi. Kumbe tulikuwa tumejitafutia kazi. Kuchagua filamu ipi kulituchukua majuma mawili ya mabishano, na mwishowe tukajikuta hatubishani tena juu ya ngumi na mateke, bali juu ya kazi yetu wenyewe. Ndiyo maana tumeona vyema tuyaweke mawazo yetu katika jarida hili, ili wasomaji wayapime.

Wengi wenu hamhitaji kuelezwa kung fu ni nini. Waliokulia mijini hapa Uganda wanakijua kibanda cha video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, ubao wenye majina ya picha za siku hiyo yaliyoandikwa kwa chaki, na spika iliyoelekezwa barabarani ili mpita njia asikie mapigano na kushawishika kuingia. Wanamjua pia VJ, yule mfasiri anayezungumza juu ya sauti ya filamu, ambaye kwetu hutumia Kiluganda zaidi. Wakenya wanaye DJ Afro, na Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, ambao wote walijipatia sifa kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili. Humo vibandani ndimo wengi wetu tulimopata nadharia yetu ya kwanza ya fasihi: kwamba kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Miaka mingi baadaye tulipofika chuoni tukaambiwa kwamba hao huitwa mhusika mkuu na mhusika pinzani.

Kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu kwamba kila mtu alikuja na picha yake moyoni. Ili tusivutane bila mwisho, tulikubaliana juu ya vigezo vitatu. Kwanza, mapigano yenyewe yasimulie jambo, yasiwe pambo tu. Pili, filamu iwe na dhamira inayoweza kujadiliwa na mtu ambaye hajawahi kurusha ngumi maishani mwake. Tatu, iweze kutazamwa mara ya pili na mtu anayejua tayari nani atashinda.

Washindani

"Mwalimu, bila Bruce Lee hiyo si kung fu," alisema kijana mmoja wa mwaka wa pili, na nusu ya chumba ikampigia makofi. Hoja yake si ya kupuuzwa. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, kabla filamu yake mashuhuri kuliko zote, Enter the Dragon, haijaanza kuonyeshwa. Kwa filamu chache tu alizozikamilisha akiwa mtu mzima, alibadili kabisa namna dunia inavyomtazama Mchina katika sinema. Iliyo bora miongoni mwa hizo, kwa maoni yetu, ni Fist of Fury ya mwaka 1972. Humo anaigiza Chen Zhen, mwanafunzi anayerejea Shanghai na kukuta mwalimu wake amekufa. Hasira yake dhidi ya dharau ya Wajapani ni hasira ambayo mtu yeyote aliyetoka katika nchi iliyotawaliwa anaielewa bila mfasiri. Tena filamu hiyo inavunja kanuni ya kibandani: mwishoni Chen Zhen anaruka kuyakabili mabomba ya bunduki, na picha inaganda akiwa hewani. Steringi anakufa, ila hatuonyeshwi akianguka.

Hata hivyo, tulipoitazama upya tuliona jambo ambalo hatukuliona tukiwa watoto. Katika filamu za Bruce Lee elimu imekwisha kupatikana kabla picha haijaanza. Shujaa anaingia akiwa amekamilika. Katika Enter the Dragon kuna dakika chache ambamo anamfundisha mvulana kupiga teke, lakini yeye mwenyewe hatumwoni akikosea, akirudia, akichoka. Tunamstaajabia kama tunavyostaajabia radi. Hakuna ajifunzaye kwa radi.

Mwalimu mwenzetu wa fasihi alileta Come Drink with Me ya King Hu, ya mwaka 1966. Humo Cheng Pei-pei anaigiza mwanamke shujaa anayekwenda kumwokoa kaka yake aliyetekwa na majambazi. Tuliipenda sana. Ile sehemu ya nyumba ya wageni, ambapo majambazi wanamzunguka naye ametulia mezani, ina ukimya na mshindo uliopangwa kama ngoma. Ni dhahiri kwamba mwongozaji aliijua vizuri opera ya Kichina. Lakini hiyo ni filamu ya panga na mashujaa wa kale kuliko filamu ya mikono mitupu, na wanafunzi walitukumbusha kwamba tulikuwa tumeahidi kung fu.

Mshindani mkali kabisa alikuwa Drunken Master ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Yuen Woo-ping. Jackie Chan, akiwa kijana bado, anaigiza Wong Fei-hung kama mtoto mtundu anayepelekwa kwa mwalimu mzee mlevi ili anyooshwe. Hapa kuna mafunzo, tena mafunzo ya jasho na machozi, na kicheko kisichoisha. Mwanafunzi mmoja wa kike aliitetea kwa maneno ambayo tuliyaandika: kwamba mwalimu anayechekesha anafundisha zaidi ya mwalimu anayetisha. Hatuna jibu la kumshinda kwa hilo. Tunasema tu kwamba katika filamu hiyo elimu inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, na inaishia katika kumwokoa mmoja. Hakuna anayeuliza iwapo majirani nao wangependa kujifunza.

Swali hilo, la majirani, ndilo lililotufanya tuchague filamu yetu.

Kijana na vyumba thelathini na vitano

The 36th Chamber of Shaolin, yaani Chumba cha 36 cha Shaolin, ilitolewa Hong Kong mwaka 1978 na kampuni ya Shaw Brothers. Mwongozaji ni Lau Kar-leung, hadithi iliandikwa na Ni Kuang, na mhusika mkuu anaigizwa na Gordon Liu. Adui, Jenerali Tien, ni Lo Lieh, mwigizaji ambaye mwaka 1972 alikuwa steringi wa King Boxer, mojawapo ya filamu zilizoifungulia kung fu milango ya sinema za Marekani.

Tungependa msomaji azingatie mahali filamu inapoanzia: shuleni. Liu Yude ni mwanafunzi huko Kantoni wakati wa utawala wa Wamanchu. Mwalimu wake ni mpinzani wa siri wa serikali, naye anawavuta wanafunzi wake katika harakati. Serikali inagundua, shule inavamiwa, na ndugu na marafiki wa kijana wanauawa. Akiwa amejeruhiwa anakimbilia hekalu la Shaolin, kwa kuwa amesikia kwamba watawa wa huko wanajua kupigana. Anapokewa kwa shida, maana hekalu halipokei watu wa nje. Anapewa jina la San Te, kisha mwaka mzima unapita kabla hajaanza kufundishwa kung fu.

Anapoulizwa aanzie chumba gani kati ya vyumba thelathini na vitano, anajibu kama ambavyo mwanafunzi yeyote mwerevu angejibu: cha juu kabisa. Anaingia humo na kuwakuta watawa wazee wamekaa wakisoma maandiko. Hapati hata kuelewa kinachosemwa. Mzee mmoja anamwangusha bila kumgusa, naye anatolewa nje. Kesho yake anaanzia chini.

Sehemu kubwa ya katikati ya filamu ni mafunzo hayo, na hapa ndipo Lau Kar-leung anapowazidi wenzake wote. Katika chumba cha kwanza hakuna ngumi hata moja. Kuna dimbwi la maji, magogo yanayoelea, na ng'ambo yake chumba cha chakula. Anayetaka kula avuke. San Te anakimbia, anaanguka, analowa. Anarudi tena na tena mpaka mwili wake unapoelewa kwamba gogo halitaki nguvu, linataka wepesi. Baadaye anabeba ndoo za maji akipanda mlima, mikono imenyooshwa pembeni, na visu vimefungwa kwenye mikono hiyo kiasi kwamba akiishusha vitamchoma mbavuni. Katika chumba kingine anagonga kengele kwa nyundo nzito iliyo kwenye ncha ya mti mrefu, akifuata mapigo yanayotolewa na mtawa, ili kifundo cha mkono kipate nguvu. Katika kingine anasimamishwa kati ya vijiti vya ubani vinavyowaka na kutakiwa kuifuata taa inayoyumba kwa macho tu. Akigeuza kichwa ataungua. Katika kingine anapita kwenye safu ya mifuko ya mchanga akiipiga kwa kichwa.

Hakuna mtawa anayemweleza sababu. Hakuna hotuba. Kazi inatolewa, mwanafunzi anashindwa, anatazama wenzake, anarudia, na siku moja anagundua kwamba anaweza. Kisha, vyumba vingi baadaye, tunamwona akipigana na tunautambua ule mkono ulionyooshwa kwa ndoo, kile kifundo cha kengele, yale macho ya taa. Hatuhitaji kuambiwa kwamba amejifunza, kwa sababu na sisi tulikuwapo. Kigezo chetu cha kwanza kilikuwa kwamba mapigano yasimulie jambo. Hapa kila pigo lina historia yake, na mtazamaji anaijua.

Mwalimu wa Kiswahili atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Mwanafunzi wetu wa Uganda, ambaye lugha yake ya kwanza labda ni Kiluganda, Kiacholi au Kiteso, anakuja na hamu ya chumba cha juu. Anataka tungo za Muyaka na riwaya za Shaaban Robert, au anataka tu cheti. Sisi tunampeleka kwenye magogo: ki-, vi-, u-, i-, zi-. Anaanguka. Anasema "kitabu yangu" naye analowa mbele ya wenzake. Anayetoka katika lugha ya Kibantu anakuja na wepesi fulani kwa kuwa ngeli si kitu kigeni kwake, lakini wepesi huohuo unamponza anapodhani kwamba gogo la kwao na gogo la Kiswahili ni moja. Anayetoka katika lugha ya Kinailoti anaanza mbali zaidi. Wote wawili watavuka, lakini si kwa sababu tumewaeleza kanuni ya upatanisho wa kisarufi ubaoni. Watavuka kwa sababu wameanguka mara za kutosha katika mahali ambapo kuanguka hakuui.

Filamu inatupa pia onyo ambalo ni lazima tulipokee. Walimu wa Shaolin hawaelezi, lakini kila kazi waliyoitoa inakuja kutumika. Je, kila zoezi tunalowapa wanafunzi wetu linakuja kutumika? Au tumeweka vyumba vingine kwa sababu tu na sisi tulipitishwa humo?

Ualimu nje ya kamera

Kuna jambo moja nje ya filamu ambalo mhakiki hawezi kuliacha. Baba yake Lau Kar-leung, Lau Cham, alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule bingwa wa kweli aliyefariki mwaka 1925 na ambaye Jackie Chan alimwigiza kwa utani. Gordon Liu alilelewa na kufundishwa katika ukoo huohuo wa akina Lau. Kwa hiyo tunapomwona akifundishwa mbele ya kamera, nyuma ya kamera amesimama mtu wa silsila ileile ya ualimu. Hii si filamu ya mtu aliyesoma habari za mafunzo akazibuni. Ni ukoo unaosimulia jinsi ulivyofundishwa.

Tena tuzingatie alichokifanya Lau Kar-leung kwa elimu hiyo. Maarifa ambayo zamani yalipitishwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, aliyechunguzwa na kukubaliwa, yeye aliyaweka katika filamu ili yatazamwe na yeyote mwenye nauli ya kiingilio. Yalifika mpaka New York, ambako vijana Weusi waliozikulia picha hizo walianzisha kundi la muziki la Wu-Tang Clan, na mwaka 1993 wakaipa albamu yao ya kwanza jina linalotaja vyumba hivyo 36. Yalifika pia kwenye vibanda vyetu.

Lugha nayo ina kisa chake. Filamu nyingi za Shaw Brothers za miaka hiyo zilipigwa bila sauti, na sauti ziliingizwa baadaye studioni, kwa Kimandarini, ingawa wachezaji wengi walikuwa wasemaji wa Kikantoni. Kisha zikatiwa Kiingereza kwa ajili ya masoko ya nje. Zilipotufikia, VJ akaongeza tabaka jingine juu ya hayo. Wapo wanaowacheka wafasiri wa vibandani kwa kusema kwamba wanaharibu kazi asilia. Sisi tunauliza: asilia ipi? Filamu hizi hazikuwahi kuwa na lugha moja ya nyumbani. Zilizaliwa zikiwa zimefasiriwa, na aliyezisimulia kwa Kiswahili alikuwa anaendeleza kazi iliyoanzia Hong Kong kwenyewe.

Chumba kisichokuwapo

Kwa muda wa miaka sita hivi San Te anapita katika vyumba vyote. Anapotaka kupewa usimamizi wa chumba, mtawa mkuu wa nidhamu anapinga na kutaka washindane. San Te anashindwa, anarudi, anashindwa tena. Ushindi unakuja pale anapobuni silaha ambayo hekalu halikuwa nayo: fimbo iliyokatwa vipande vitatu na kuunganishwa kwa minyororo. Mwanafunzi aliyemaliza mtaala mzima analazimika kuuongezea kitu ili afaulu. Hilo peke yake lingetosha kwa filamu nzuri.

Lakini anapoulizwa anataka kusimamia chumba kipi kati ya thelathini na vitano, anajibu kwamba anataka kimoja zaidi. Anataka chumba cha 36, cha kuwafundishia watu wa kawaida walio nje ya ukuta. Wazee wanakataa. Elimu ya hekalu ni ya hekalu. Anaadhibiwa kwa kutolewa nje, na hapa mwongozaji anafanya jambo la hekima kubwa: adhabu yenyewe inampa nafasi ya kufanya alichokiomba. Mkuu wa hekalu hasemi ndiyo, wala hafungi mlango. San Te anarudi mitaani, anakutana na vijana wa kazi za mikono, anawafundisha, na kwa msaada wao anapambana na Jenerali Tien. Katika picha za mwisho tunakiona chumba kipya, ndani ya hekalu, kimejaa watu wasio watawa.

Hatusemi kwamba filamu haina ila. Jenerali Tien ni adui wa kawaida mno, mkatili kwa sababu hadithi inahitaji mkatili. Sehemu ya mwisho imeharakishwa, kana kwamba mwongozaji aliyetumia subira yote katika mafunzo alibakiwa na dakika chache za kisasi. Wanafunzi wa San Te wanajifunza upesi kuliko yeye alivyojifunza, na hiyo inapunguza uzito wa tuliyoyaona. Wanawake karibu hawamo kabisa, kasoro ambayo Lau Kar-leung mwenyewe aliirekebisha katika My Young Auntie ya mwaka 1981, ambayo ilimpa Kara Wai tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za kwanza za filamu za Hong Kong mwaka 1982. Wanafunzi wetu wa kike walilitaja hilo kabla yetu, nao walikuwa na haki.

Pamoja na kasoro hizo, tulipopiga kura filamu hii ilishinda, ingawa Drunken Master iliachwa nyuma kwa kura tatu tu. Tungeishia hapo, lakini katika mjadala baada ya maonyesho kulitokea jambo.

Mwanafunzi mmoja, anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, aliuliza: "Walimu, chumba chetu cha 36 kiko wapi?"

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Ilitubidi tukumbuke kisa ambacho hatukijivunii. Miaka michache iliyopita, mama mmoja anayeuza vitenge karibu na lango la chuo alikuja ofisini kwetu kuuliza kama anaweza kujifunza Kiswahili. Alikuwa na wateja kutoka Kongo, na alichoka kuhesabu bei kwa vidole. Tulimkaribisha kiti, tukamsikiliza kwa adabu, kisha tukamweleza kwamba mafunzo yetu ni ya waliosajiliwa, na kwamba kwanza alete vyeti vyake vya sekondari. Alitushukuru akaondoka. Hakurudi. Siku hiyo hatukuona kwamba tumekosea, kwa kuwa tulikuwa tumefuata utaratibu. Wazee wa Shaolin nao walikuwa wamefuata utaratibu.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Idi Amin, na kwa wazee wengi sauti yake bado ni sauti ya kizuizi cha barabarani na mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hizo zote ni habari za kutoka juu. Hofu ya mtu haiondolewi kwa tangazo. Huondolewa anapokutana na lugha hiyo mahali pasipo na bunduki, kwa mtu asiyemcheka, kwa ajili ya jambo analolihitaji yeye mwenyewe. Vibanda vya Kenya na Tanzania vimekuwa mahali pa namna hiyo kwa watu wengi. Idara za vyuo, tukisema kweli, mara nyingi zimekuwa ukuta.

Na tuliyokuwa tukiyahofia ni yaleyale waliyoyahofia wazee wa hekalu: kwamba elimu ikitoka nje itachuja. Kwamba watu watasema "kitabu yangu" sokoni na sisi tutakuwa tumelibariki kosa. Filamu inalijibu hilo bila kubishana. San Te hakuwapeleka vijana wake katika chumba cha maandiko. Aliwapa kila mmoja kile alichokihitaji kulingana na kazi ya mikono yake. Hakushusha kiwango cha vyumba thelathini na vitano, ambavyo vilibaki palepale na milima yake na ndoo zake. Aliongeza mlango.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, tunatoa taarifa ndogo kuwa sehemu ya uhakiki huu. Kuanzia muhula huu, kila Jumamosi saa nane mchana, darasa moja la idara litakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza Kiswahili cha kazi yake: mchuuzi, dereva wa boda boda, mlinzi, muuguzi. Havitatakiwa vyeti. Watakaofundisha ni wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, nasi tutakaa nyuma tukiwasaidia. Tulianza kwa majaribio mwishoni mwa muhula uliopita na walikuja watu saba, wanne kati yao madereva waliotaka kujua namna ya kumwelekeza abiria kutoka Goma. Walianguka majini vya kutosha, na walicheka kuliko wanafunzi wetu wanavyocheka.

Aliye na maoni tofauti juu ya filamu bora ya kung fu atuandikie. Nafasi ya toleo lijalo tunaihifadhi, na mtetezi wa Drunken Master ameshaahidi makala. Aliye tayari kufundisha siku ya Jumamosi aandikishe jina lake kwa katibu wa chama.

Mama wa vitenge bado hatujamwona darasani. Meza yake imehamishwa kutoka langoni, lakini tumeelezwa alikohamia, na tumemtumia salamu.